Migusano ya Pingili za Protini: Mfano wa Selimundu katika Bungoma na Kitale

1. Kusudi la Makala

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili namna wataalamu wanavyochanganua migusano ya asidi amino katika maumbo ya protini. Msomaji wa jarida la lugha aweza kuuliza jambo hili lamhusu nini. Jibu letu ni kwamba mmojawapo wa mifano iliyo wazi kabisa ya elimu hii umo katika damu ya baadhi ya watu wa Bungoma, na ya jamaa zao walio Kitale. Mzazi ambaye mwanawe ana ugonjwa wa selimundu aghalabu huelezwa habari zake kwa Kiswahili. Jina lenyewe humwambia kwamba chembe za damu zimepindika mfano wa mundu. Halimwambii kwa nini zimepindika. Pengo hilo hujazwa na uvumi: mama alikula kitu kibaya alipokuwa mja mzito, au kuna jirani aliyeroga. Kulijaza kwa maneno ya kweli ni kazi ya mwanasayansi, na ni kazi ya mwanalugha pia.

2. Pingili na Mnyororo

Protini ni mnyororo wa asidi amino zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Aina zake za kawaida ni 20. Asidi amino mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka. Sehemu inayosalia katika mnyororo huitwa na Waingereza kwa neno lenye maana ya "baki". Tafsiri hiyo haitufai, kwani kwetu mabaki ni makombo, au ni kitu kisichohitajiwa tena. Twapendekeza neno "pingili". Mkulima wa miwa wa Bungoma aijua pingili ya muwa. Na sote twazijua pingili za uti wa mgongo, ambazo zimefuatana kwa taratibu na bado uti hupinda.

Kupinda huko ndiko kiini cha mambo. Mnyororo wa protini haukai umenyooka. Hujikunja hata pingili ya 10 ikaweza kulala ubavuni mwa pingili ya 100. Jambo hili si geni kwa mwanasarufi. Katika sentensi "Kiti alichokinunua baba mjini Kitale mwaka jana kimevunjika", neno "jana" limepakana na "kimevunjika", lakini hayapatani. Linalopatana na kitenzi hicho ni "kiti", lililo mwanzoni kabisa mwa sentensi. Basi kuna ujirani wa mpangilio na kuna ujirani wa uhusiano. Mchanganuzi wa protini hutafuta huu wa pili.

3. Namna ya Kuchanganua

Kwanza hupatikana mahali pa kila atomu. Njia iliyozoeleka ni kupitisha miale ya eksirei katika fuwele ya protini na kupima jinsi miale hiyo inavyotawanyika. Kwa njia hiyo Max Perutz wa Cambridge alipata umbo la himoglobini, na mwaka 1962 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na John Kendrew. Tangu mwaka 1971 maumbo ya namna hiyo yamekuwa yakihifadhiwa katika hazina ya kimataifa iliyo wazi kwa watafiti wote.

Pili, hupimwa umbali baina ya kila pingili na kila nyingine. Kipimo chake ni angstromu, yaani sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Mnyororo wenye pingili 146 una jozi 10,585 za kupimwa. Kwa hiyo kazi hiyo huachiwa kompyuta.

Tatu, huwekwa mpaka. Wengi husema kwamba pingili mbili zimegusana iwapo atomu zake zilizo karibu zaidi zimetengana kwa angstromu 4 hadi 5 au chini ya hapo. Jozi zilizofuatana katika mnyororo huachwa, kwa sababu hizo hazina budi kugusana na hazitufundishi kitu.

Nne, matokeo huandikwa katika jedwali la mraba. Pingili huorodheshwa juu na kandoni, na palipo na mgusano hutiwa alama. Jedwali hilo twaweza kuliita ramani ya migusano. Hatimaye huulizwa kila mgusano ni wa aina gani. Kuna pingili zenye chaji chanya na hasi zinazovutana, kuna zinazoshikana kwa hidrojeni, na kuna zile zinazoyakwepa maji, ambazo hukusanyika pamoja.

4. Mgusano Mmoja Uliozidi

Himoglobini ni protini ichukuayo oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja wenye pingili 141, na miwili ya beta, kila mmoja wenye pingili 146. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ni tofauti na ya watu wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram aligundua tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta, pingili ya 6, ambayo kwa kawaida ni asidi glutamiki, imekuwa valini.

Asidi glutamiki ina chaji hasi na hupenda maji. Valini huyakwepa maji. Himoglobini inapokwisha kutoa oksijeni hubadili umbo, na valini hiyo hupata mahali pa kujificha: kijishimo kilichoko juu ya molekuli jirani, baina ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88 za mnyororo wa beta. Hapo molekuli mbili ambazo zingepitana tu hushikana. Ya pili humshika wa tatu wake, na safu huendelea hata ukapatikana uzi mnene wa safu 14 zilizosokotwa pamoja. Nyuzi hizo ndizo zinazoipindua chembe ikawa kama mundu. Chembe iliyopindika hukwama katika mishipa myembamba na kuleta maumivu. Tena huvunjika mapema, na damu ikapungua.

Kwa hiyo ugonjwa huu hautokani na uchafu wa damu wala na laana. Watokana na mgusano mmoja uliozidi.

5. Bungoma na Kitale

Kwa nini jeni hii imeenea upande huu wa Kenya? Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichunguza damu za watu wa nchi hii mwaka 1949. Aliona kwamba wabebaji walizidi asilimia 20 katika jamii kadhaa za pwani na za karibu na Ziwa Victoria, na hawakufika asilimia 1 katika jamii za nyanda za juu. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba anayerithi jeni hii kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Bungoma, iliyo kwenye kimo cha kadiri ya mita 1,400, imo katika ukanda wa malaria ya ziwa. Kitale iko kadiri ya mita 1,900, na malaria yake ni haba zaidi. Hata hivyo, baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba ya walowezi yalipogawanywa, jamaa nyingi za Bungoma zilihamia Trans Nzoia. Jeni zilihama nazo. Mtoto aliyezaliwa Kitale, mahali pa mbu wachache, aweza kuwa na ugonjwa ambao chanzo chake ni malaria iliyowasumbua mababu zake mahali pengine.

Elimu ya migusano huyapa maana mashauri ambayo mzazi hupewa. Huambiwa ampe mtoto maji mengi: maji yakipungua ndani ya chembe, molekuli husongamana na kugusana upesi zaidi. Huambiwa amkinge na baridi ya usiku, ambayo si haba huko Kitale, kwani baridi huweza kuamsha maumivu. Huandikiwa haidroksiyurea: dawa hiyo huongeza himoglobini ya utotoni, ambayo haiingii vizuri katika nyuzi zile. Ndiyo sababu pia mtoto mchanga huonekana mzima katika miezi ya kwanza, wakati himoglobini hiyo ingali nyingi. Katika mnyororo wake, pingili ya 87, iliyo kando ya kijishimo tulichokitaja, ni glutamini badala ya threonini. Badiliko hilo hilo limetumiwa katika tiba moja ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ingawa gharama yake ingali mbali mno na uwezo wa mkulima wa Bungoma.

6. Tamati

Jina "selimundu" ni zuri, nalo limekwisha kuenea, hatupendekezi liachwe. Twapendekeza liambatane na maelezo. Maneno "pingili", "mgusano" na "kijishimo" hayahitaji kamusi ya kigeni, na yatosha kumweleza mzazi kilichomo katika damu ya mwanawe. Mama anayefahamu kwamba pingili moja kati ya 146 imebadilika, na kwamba badiliko hilo limetoka kwa baba na kwa mama pia, hana haja ya kujilaumu wala ya kumshuku jirani. Atakuwa na sababu ya kumpeleka mtoto kupimwa mapema, na sababu ya kumpa maji.