Karakana ya Ufundi wa Jadi wa Ujenzi: Namna ya Kuipanga Ipate Kudumu

Mwalimu anayekabidhiwa kazi ya kuanzisha karakana kijijini aghalabu huanza kwa kuorodhesha vifaa: misumeno, randa, miiko, timazi na pima maji. Vifaa ni lazima, lakini haviwezi peke yake kuidumisha karakana. Maswali ya kwanza yawe mawili: mali ya kujengea itatoka wapi, na ni nani atakayeihitaji kazi ya wanafunzi mwaka hata mwaka?

Tuchukue mfano wa vijiji vya pwani ya Tanzania. Ustadi wa waashi wa kale waonekana hata leo Kilwa Kisiwani, katika magofu yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka 2004 magofu hayo yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi. Kazi ya namna hiyo yahitaji mafundi waijuao chokaa, na fundi mzee akifariki bila kuacha mwanafunzi, ujuzi wake huzikwa naye.

Hata hivyo, mali hiyo ina gharama yake. Mawe safi ya chokaa kilo 100 yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, hutoa chokaa kilo 56 tu. Kilo 44 hupotea zikiwa hewa ya ukaa, na kuni ziteketeazo ni nyingi. Kwa hiyo tanuu liwashwe kwa nadra, na chokaa itumike pale tu inapohitajika. Wakati wa kuizima, wanafunzi wakinge macho yao, maana huchemka na kuunguza. Vivyo hivyo boriti za mikoko zisitegemewe, kwani mikoko huulinda ufuko. Shule ipande mivinje, ambayo hustawi mchangani na kutoa miti iliyonyooka. Kitalu cha mivinje ni sehemu ya karakana sawa na meza ya kazi.

Kuhusu soko, paa la makuti huhitaji kuezekwa upya baada ya miaka michache, na ukuta wa udongo hutaka kukandikwa mara kwa mara. Wengi huziona hizo kuwa kasoro. Kwa karakana ndiyo riziki. Malipo ya matengenezo yagawanywe kwa utaratibu unaojulikana na wote: ujira wa fundi, vifaa, na miche.

Jengo la karakana nalo liwe somo. Wanafunzi walijenge wenyewe kwa hatua: msingi wa mawe, kuta za udongo, upenu mpana wa kukinga mvua, na paa la makuti. Ukuta mmoja mfupi uachwe uwe wa kubomolewa na kujengwa upya na kila kundi jipya.

Katika ufundishaji, fundi wa kijiji aongoze mkono, naye mwalimu aongoze hesabu na sayansi. Mwanafunzi kwanza atazame, kisha atende akisimamiwa, kisha atende peke yake, na mwisho amfundishe mwenzake.

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, ilikusudia kuunganisha darasa na maisha ya kijiji. Karakana inayofungwa siku msaada unapokoma huwafundisha vijana kinyume cha kusudi hilo. Ile inayoota miti yake na kuezeka nyumba za majirani huwafundisha kwa vitendo maana ya kujitegemea.