Akifika Miaka 18, Nani Atamsimamia?

Mwaka 2011 mwandishi Mmarekani Vanessa Diffenbaugh alitoa riwaya iitwayo The Language of Flowers. Victoria Jones anatimiza miaka 18, anatolewa kwenye malezi ya kambo, na muda si muda analala bustanini mjini San Francisco. Anayempa pa kuanzia ni mwanamke muuza maua anayemwajiri. Kurudiana na mama aliyewahi kumlea kunakuja baadaye, kwa maumivu. Maua hayo huenda yasimguse msomaji wa Ukunda, Kwale. Msichana wa miaka 18 asiye na mtu, huyo anamjua.

Sheria ya Kenya inamhesabu mtu kuwa mtoto hadi anapofika miaka 18. Mahakama inaweza kurefusha wajibu wa malezi kukiwa na sababu maalumu, ila sharti atokee mtu wa kuliomba hilo, na aliyekulia makao ya watoto mara nyingi hana wa kumsemea. Watu hudhani shida yake ya kwanza ni kitanda. Sisi wa ustawi wa jamii huanza kuuliza habari za kitambulisho. Anayekiomba kwa mara ya kwanza hutakiwa cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, na chifu atataka kujua yeye ni wa mji gani, wa mlango wa nani. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hapati cheti cha tabia njema kutoka polisi, na hoteli za Diani hazitamwandika kazi. Makaoni alilishwa, akavishwa, akasomeshwa. Shangazi wa kusema "huyu ni wetu" hakupewa.

Ndiyo maana naiona kafala kuwa na uzito mkubwa Kwale, kaunti yenye Waislamu wengi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeipa nafasi rasmi Kenya. Mlezi Mwislamu humchukua mtoto na kumlea kama wake, naye mtoto hubaki na nasaba ya babake. Hana fungu katika mirathi ya mlezi, ila mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali. Na nyumba yenyewe haina siku ya kumtoa: akiolewa ataposwa hapo, akizaa atarudi hapo. (Wadigo, ambao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, hawahitaji kufundishwa kazi ya mjomba.)

Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia. Naunga mkono, kwa sharti moja: nyumba inayompokea iandaliwe na itembelewe. Kumshusha msichana kwa nyanya asiye na akiba, kisha gari likageuza, huko ni kumtupa mara ya pili.

Watalii wa Diani nao wana sehemu yao. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilionya juu ya madhara ya utalii na kazi za kujitolea katika makao ya watoto. Mgeni hukaa wiki mbili, mtoto akamzoea, mgeni akaondoka. Mwezi unaofuata anakuja mwingine. Fedha za wageni hao zingemfaa zaidi nyanya wa Msambweni anayelea wajukuu kwa kuuza viazi vya karai.

Nawe unayemlea mtoto wa jamaa au wa jirani, usingoje afike miaka 18. Nenda kwa afisa wa watoto, malezi yako yaandikwe, na cheti chake cha kuzaliwa kitafutwe wakati wanaoijua asili yake wangali hai.