Mkitoka kambini asubuhi, zimeni moto kwanza, kufuli baadaye

Likizo ya Juni ikifika, familia zinazokwenda Kigoma kwa gari kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi hukuta Tabora iko njiani, mahali pazuri pa kupumzika siku mbili tatu. Wengi hulala gesti. Wengine hubeba mahema, hufunga hema juu ya gari au huvuta tela la kulala, kwa sababu watoto wanafurahia na gharama ya vyumba inapungua.

Usiku hauwapi shida sana, kwa kuwa kila mtu yupo na macho yako wazi. Shida huja asubuhi. Chai imekwisha, watoto wanaimba kwamba wanataka kuona nyumba ya Livingstone kule Kwihara, baba anafunga zipu ya hema, mama anabana kufuli kwenye tela, safari inaanza. Nyuma kumebaki jiko lenye mkaa, mtungi wa gesi, dumu la petroli, sukari mezani na turubai la kivuli lililofungwa kwa kamba mbili. Kwa saa sita au nane hakuna mtu.

Mzazi anayefunga kufuli anamfikiria mwizi. Ni sawa kumfikiria, lakini katika misitu ya miombo wakati wa kiangazi yapo mambo yanayomtangulia. La kwanza ni moto. Halafu nyuki na wanyama, kisha upepo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuiwa na kufuli.

Mzigo ulioachwa Ujiji

Njia hii ina historia ndefu ya watu kuacha mali na kuondoka. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kisha ikaenda Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipeleka bara vitambaa, shanga na nyaya za madini, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Watu waliotekwa utumwani nao walipitishwa humo humo.

Vitambaa na shanga ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Aliyepoteza mzigo alipoteza chakula cha miezi. David Livingstone aliyaona hayo Oktoba 1871, aliporudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar. Alikuta Sherif, mtu aliyekabidhiwa bidhaa hizo, amekwisha kuziuza kwa madai kwamba mwenyewe amekufa. Alibaki hana kitu mpaka Henry Stanley alipomfikia muda mfupi baadaye. Februari 1872 wawili hao walirejea Kwihara, ambako Stanley alikuwa ameacha sehemu ya mizigo yake, na Livingstone akakaa hapo hadi Agosti akisubiri wapagazi wapya.

Hakuna mlango uliovunjwa Ujiji. Mali ilikuwa mikononi mwa mlinzi. Uaminifu wa mlinzi huyo ulikuwa na walakini, lakini ukimya mrefu wa mwenye mali ndio uliompa kisingizio. Familia inayoacha kambi kwa siku moja inahitaji kukumbuka hilo: kufuli bila makabidhiano ni nusu ya kazi.

Moto uzimwe mpaka upoe

Kuanzia Juni hadi Septemba Tabora karibu haipati mvua. Majani ni makavu, miti inapukutisha, na alasiri upepo huamka. Cheche moja kwenye nyasi inaweza kula hema lenu, kisha shamba na mizinga ya jirani.

Kosa la kawaida ni kufukia mkaa kwa mchanga au kuuacha chini ya majivu mkiamini umezimika. Mkaa uliofunikwa hukaa na joto kwa saa nyingi, na mtoto anayerudi pekupeku jioni hataona chochote cha kumwonya. Mwagieni maji, koroga kwa kijiti, mwagieni tena, kisha mtu mzima asogeze mgongo wa mkono karibu na majivu. Kukiwa bado kuna joto, hamjamaliza. Kwa hiyo moto wa chai uanze kuzimwa angalau nusu saa kabla ya kuondoka. Wanaotaka kutoka alfajiri wachemshe chai usiku na kuiweka kwenye chupa.

Jiko lisiingizwe kwenye hema, tela wala buti likiwa bado na moto, hata kama linaonekana limefifia. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala. Baridi ya usiku wa Juni na Julai huwashawishi wengi kuingiza jiko ndani, na katazo ni hilo hilo.

Gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko peke yake. Mtungi usimame wima nje, kivulini. Dumu la petroli liwe mbali na vyote viwili. Kwangueni nyasi na majani makavu kuzunguka mahali pa kupikia, na muache ndoo ya maji imejaa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iwekeni kwenye simu za watu wazima wote kabla ya safari.

Nchi ya asali ina nyuki

Tabora inajulikana kwa asali, na mizinga ya magogo na ya magome ya miti hutundikwa juu ya miti ya msituni. Kabla ya kufunga hema, inueni macho. Mti wenye kivuli kizuri kuliko yote huenda una mzinga.

Kiangazi nyuki hutafuta maji. Koki inayodondosha, beseni la vyombo ambavyo havijaoshwa, kikombe chenye masalia ya soda au sukari iliyo wazi vinatosha kuwaita wakati ninyi hampo. Kundi linalohama laweza pia kutua ndani ya sanduku lililo wazi au kwenye uwazi wa tela. Osheni vyombo, mwageni maji ya beseni mbali na kambi, kazeni koki na kuzibeni kila mwanya.

Jioni mtu mzima atangulie, asikilize. Akisikia mvumo, watoto wabaki ndani ya gari na vioo vifungwe. Msirushe mawe, msipulize dawa, msiwashe moshi kwa kubahatisha. Tabora haina uhaba wa warina asali, mwiteni mmoja.

Hema si stoo ya chakula. Ngedere na nyani huchana turubai kwa ajili ya ndizi moja, na fisi hubeba hata kiatu cha ngozi. Chakula kikae ndani ya gari au sanduku gumu lenye mfuniko wa kubana, na takataka mwondoke nazo. Maboksi ya karatasi yainuliwe juu ya mawe, maana mchwa hawachelewi. Zipu za hema zifungwe hadi mwisho ili nyoka na nge wasipate njia, na viatu viingizwe ndani. Jioni kila kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Upepo na magurudumu

Kisulisuli hakipigi hodi. Turubai la kivuli linaloachwa limetandazwa hugeuka tanga, likang'oa mambo zake na kupiga vioo vya gari. Likunjeni. Hema la juu ya gari likunjwe na kufungwa mikanda hata kama gari linabaki palepale. Viti na meza viwekwe chini ya tela.

Tela livutwe breki, liwekewe mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na miguu yake ikanyage ardhi ngumu. Madirisha yafungwe, kwa sababu mbung'o wa mapori ya magharibi huingia popote. Vitambulisho, kadi ya gari, dawa za watoto na fedha viende nanyi. Ufunguo mmoja abaki nao baba, mwingine mama.

Likizo ya Desemba ina mambo yake. Mvua zimeanza, hivyo hofu ya nyasi kuungua hupungua, lakini radi na maji huongezeka. Kambi isiwe chini ya mti mrefu uliosimama peke yake wala kwenye mkondo wa maji, hata kama asubuhi mkondo huo ni mkavu.

Makabidhiano

Awepo mtu mmoja anayejua mmekwenda wapi: mhudumu wa kambi, mlinzi wa hoteli mliyoweka hema uani kwake, au mwenyeji wa eneo. Mwambieni mko wangapi, mnapita njia gani, mtarudi saa ngapi, na ampigie nani mkichelewa. Malipo yake mkubaliane kabla, si jioni. Mwelezeni pia anachoweza kutumia na asichotakiwa kugusa: maji ruhusa, gesi hapana. Pigeni picha ya kambi kwa simu mbele yake. Inasaidia kukumbuka kilichokuwepo na haimvunjii mtu heshima.

Walio katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, wamweleze askari wa hifadhi na kufuata maelekezo yake. Mto ule una mamba na viboko, na mtandao wa simu si wa kutegemea. Saa ya kurudi mliyomtajia askari ndiyo itakayomfanya aanze kuwatafuta.

Kila mtoto na kazi yake

Kazi hizi zikiachiwa mtu mmoja, siku ya pili atasahau nusu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukusanya viatu. Wa minane akague zipu. Wa kumi na miwili alete maji ya kuzimia moto, mtu mzima akiwa pembeni. Kijana asome orodha kwa sauti, na kila mwenye kazi aitikie. Gesi, petroli na funguo ni kazi za watu wazima peke yao.

Mwisho wahesabiwe watu. Mtoto aliyerudi kulala ndani ya tela haonekani, na kila mzazi hudhani yuko na mwenzake. Gari au tela lililofungwa hupanda joto haraka, hata likiwa kivulini, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo kabla kufuli halijabanwa, mtu mzima aingie ndani, ainue mablanketi, atazame. Kisha kila mtoto aitwe kwa jina na aitikie akiwa kwenye kiti chake. Mzazi mmoja azunguke nyuma ya gari kabla halijaondoka.

Orodha ya kusoma kwa sauti

1. Moto umemwagiwa maji na majivu yamepoa.
2. Gesi imefungwa kwenye mtungi. Petroli iko mbali, kivulini.
3. Chakula kimefungwa, vyombo vimeoshwa, koki haidondoshi.
4. Turubai limekunjwa, zipu zimefungwa, viatu viko ndani.
5. Breki na mawe kwenye magurudumu.
6. Vitambulisho, dawa na maji ya kunywa tunavyo.
7. Mlinzi anajua tunakokwenda na saa ya kurudi.
8. Ndani ya tela na hema hamna mtu. Watoto wote wameitikia majina.
9. Sasa funga kufuli.