Rangi za runinga zikiharibika: ni kioo au ni macho yako?

JE, umewahi kuketi mbele ya runinga ukaona uso wa msomaji habari umegeuka kijani upande mmoja na zambarau upande wa pili? Au kona ya skrini ya kompyuta imeingia doa la waridi lisilofutika kwa kitambaa? Baadhi ya watu husema mashine imekufa. Wengine huanza kuhofia macho yao. Msomaji, ni vyema ujue tofauti, kwani ukikosea unaweza kuhatarisha macho au hata maisha yako.

Tunazungumzia zile runinga na skrini za zamani zenye kisogo kirefu. Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka wa 2015, nyingi hazikutupwa, bali ziliunganishwa na ving'amuzi. Wakazi wa mijini wanaponunua skrini nyembamba, zile kuukuu hutumiwa jamaa walio mbali.

Chukua mfano wa Modogashe, mji mdogo katika Kaunti ya Garissa, mahali ambapo barabara ya kutoka Garissa hukutana na ile ya Isiolo inayoelekea Wajir na Mandera. Runinga inayopelekwa huko kwa lori, ikiwa imebanwa kando ya spika kubwa, inaweza kufika ikiwa na madoa ya rangi. Na fundi wa kuiangalia hapatikani kila mtaa kama Nairobi.

Chanzo ni sumaku

Ndani ya skrini hizi kuna sehemu inayorusha miali mitatu ya elektroni: mmoja kwa ajili ya rangi nyekundu, mwingine kijani na wa tatu buluu. Miali hupitia bamba jembamba la chuma lenye matundu madogo mno, kisha hugonga unga maalumu unaong'aa kwenye kioo.

Spika au sumaku nyingine ikiwekwa karibu, chuma hicho hushika usumaku. Miali hupinda, ikagonga rangi isiyo yake. Hata ukiondoa spika, doa linaweza kubaki. Skrini nyembamba za kisasa hazina tatizo hili.

Jipime macho kwanza

Kabla ya kugusa mashine, fanya hivi:

• Sogeza kichwa kushoto na kulia. Doa likibaki mahali pale pale kwenye skrini, shaka iko kwa mashine.

• Tazama ukuta mweupe. Doa likikufuata huko, tatizo liko machoni.

• Tazama nyanya mbivu au kitambaa chekundu. Funika jicho moja, halafu lingine. Wekundu ukionekana umefifia, nenda hospitali bila kukawia.

Wanaotibiwa kifua kikuu wawe waangalifu zaidi. Miongoni mwa dawa zinazotolewa katika miezi miwili ya kwanza ya matibabu ni ethambutoli. Kwa watu wachache, dawa hii hudhuru mshipa wa jicho, na dalili mojawapo ni kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Mgonjwa anaweza kulaumu runinga kwa wiki kadhaa huku macho yakizidi kuharibika. Ukiona dalili hiyo, mwone mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Lakini usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Daktari ndiye atakayeamua.

Jinsi ya kuondoa doa

Ikiwa mashine ndiyo yenye kasoro, tiba yake mara nyingi haigharimu hata senti.

1. Ondoa spika, redio na sumaku zote zilizo karibu.

2. Zima runinga kwa swichi yake kuu au ukutani, si kwa rimoti pekee. Iache ipoe kwa nusu saa, kisha iwashe. Ndani mna waya uliozungushwa kandoni mwa kioo, ambao huondoa usumaku kwa sekunde chache mashine inapowashwa ikiwa baridi. Panapotumika jenereta, stima ikikatika na kurudi mara moja, waya huo haufanyi kazi ipasavyo.

3. Rudia mara kadhaa, kila mara ukingoja nusu saa.

4. Kwa skrini ya kompyuta, tafuta kwenye menyu yake alama ya sumaku yenye umbo la kwato la farasi. Bonyeza mara moja tu, kisha ngoja.

Doa likikataa, mwite fundi mwenye koili ya kuondolea usumaku. Yeye huizungusha mbele ya kioo, akarudi nyuma polepole hadi awe mbali, ndipo aizime. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asikaribie koili hiyo. Wala usijaribu kusugua kioo kwa sumaku ya spika. Utazidisha doa, na sumaku kali inaweza kupinda lile bamba lisitengenezeke tena.

Usifungue kisogo

Onyo kubwa ni hili. Ndani ya runinga ya rangi mna umeme unaoweza kufikia volti 25,000, na sehemu ya umeme huo inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Isitoshe, kioo chenyewe hakina hewa ndani. Kikipasuka, vipande huruka kwa nguvu.

Kioo hicho pia kina madini ya risasi, ambayo huzuia miale hatari isimfikie mtazamaji. Kikiwa kizima hakina neno. Kikivunjwa na watoto wanaotafuta shaba, vumbi lake ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua sumu ya risasi, japo yao ilitoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka wa 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni.

Kwa hivyo, ukimtumia jamaa yako runinga kuukuu, mtumie na maagizo haya: aitenge na spika, aipoze kabla ya kuiwasha, na asiifungue kamwe. Ikifa kabisa, isiachwe jalalani. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Na rangi zikiharibika tena, akumbuke kwanza kutazama nyanya.