Migomba ya Masisi na Walikale: kuondoa ua dume na kulinda shamba nyuma yake

Ku Masisi na Walikale, mgomba ni chakula cha nyumbani, ni kasiksi, ni pesa ya masomo ya watoto. Ndiyo maana mnyauko wa migomba, ule maagronomu wanaita wilti, unapoingia shambani unagusa familia nzima.

Ugonjwa huu unaletwa na bakteria. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye enseti, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Ndani ya Kongo ulionekana kwanza Masisi, mwaka 2001. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Kazi ya mikono ndiyo inaokoa shamba.

Mukulima anautambuaje? Majani yanageuka manjano na kulegea sawa vile yamepigwa na moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, zingine bado mbichi kwenye mkungu uleule, na ukizipasua ndani kuna rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya muda kidogo unatoka ute wa manjano.

Mara nyingi bakteria inapita njia mbili. Ya kwanza ni ua dume, lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Nyuki na nzi wanakuja kunyonya utamu wake, wakitoka mgomba mgonjwa wanaenda kwa mzima. Ya pili ni panga.

Ku milima ya juu, kupita meta 1700, wadudu wanasambaza ugonjwa huu kidogo, kwa hiyo pale panga ndiyo ya kuogopa zaidi. Ku mabonde ya joto ya Walikale, njia zote mbili ziko wazi. Kuna aina ya makemba ambayo ua dume lake linapotea lenyewe. Hiyo inaponyoka wadudu, lakini haiponyoki panga chafu.

Ua dume linaondolewa mara tu chane ya mwisho imeisha kutokea. Usilikate na panga. Tafuta mti mrefu wenye panda kwenye ncha, shika kikonyo cha ua ndani ya panda, zungusha mpaka livunjike. Mkungu haupotezi kitu.

Nyuma ya hapo kazi haijaisha. Pita shambani kila juma. Ukiona mgomba mmoja unaumwa, ukate chini kabisa, usawa wa udongo, bila kungoja. Watoto wake ambao hawana alama waache, juu ya bakteria haifikii kila mtoto wa shina. Lakini endelea kuwaangalia: mwenye kuonyesha alama naye akatwe.

Kabla ya kugusa mgomba mwingine, weka panga ndani ya moto mpaka iwe moto sana, isishikike na mkono, ao isafishe na javeli. Panga ya kuazima kwa jirani nayo ni vile vile. Mabaki ya mgomba mgonjwa yabaki palepale: usiwape mbuzi, usifunge bidhaa za soko na majani yake.

Kama karibu shamba lote limeshikwa, ngoa migomba yote, panda maharagwe ao viazi vitamu, na ungoje miezi kama sita mbele ya kurudisha ndizi.

Shida ingine ni vita. Familia ikikimbia, hakuna mwenye kuondoa maua wala kukata migomba ya kuumwa. Wakirudi, wengi wanaomba watoto wa migomba kwa jamaa wa kijiji kingine, na ugonjwa unaweza kusafiri pamoja nao. Kabla ya kubeba, tembeeni kwanza ndani ya shamba lile. Mukiona hata mgomba mmoja wenye alama, musichukue mbegu pale. Na majirani wa kilima kimoja wafanye kazi hii siku moja, juu nyuki hawajui mpaka wa shamba.