TUMFUFUE ALIYEKUFA, AU TUMLINDE ALIYE HAI?

Mwezi wa Aprili, 2025, kampuni ya Marekani iitwayo Colossal Biosciences ilitangaza kwamba imewarudisha duniani mbwa-mwitu wakubwa wa kale, waliokwisha kabisa yapata miaka 10,000 iliyopita. Kampuni hiyo yasema itamrudisha pia mamothi, jamaa wa tembo aliyekuwa na manyoya marefu. Sisi tukaao Tarime na Serengeti, ambao wanyama wa porini ni jirani zetu wa kila siku, yatupasa kuuliza: je, kazi hii ina faida?

Kwanza tuseme kweli juu ya kilichofanyika. Wataalamu walichukua chembe hai za mbwa-mwitu wa kijivu wa siku hizi, wakabadili jeni zake mahali 20, wakazitia katika mayai ya mbwa wa kufugwa, na mbwa majike wakabeba mimba. Wakazaliwa watoto watatu. Basi aliyezaliwa ni mbwa-mwitu wa leo aliyefananishwa na yule wa kale. Ustadi huo ni mkubwa, wala hatuubezi. Lakini mfano wa kitu si kitu chenyewe.

Karibu nasi zaidi iko habari ya kifaru mweupe wa kaskazini. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, nchini Kenya, tarehe 19 Machi, 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, wala hakuna kati yao awezaye kubeba mimba. Tangu mwaka 2019 wataalamu wamekuwa wakitoa mayai na kuyatungisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume, ili mimba ichukuliwe na jike wa kifaru mweupe wa kusini. Kazi hiyo twaikubali, kwa kuwa wenyewe wawili hao wangali hai wa kumfundisha mtoto mwenendo wa jamaa zake. Lakini tusisahau kilichowamaliza: bunduki ya jangili na bei ya pembe. Mtoto akizaliwa kesho, na bei ya pembe ingali ile ile, tutakuwa tumemzalia jangili.

Hapa kwetu tuna ushahidi wa njia nyingine. Sotoka iliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu bila idadi, na wafugaji wakafa njaa. Zaidi ya nusu karne baadaye ndama wa nyumbu walikuwa bado wakifa kwa ugonjwa huo. Ng'ombe wa wafugaji waliouzunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo nyumbu walikadiriwa kuwa kama 250,000. Miaka ya 1970 ilipokwisha walikuwa wamepita 1,000,000. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani. Hiyo nayo ni sayansi. Tena sindano moja ilimfaa mfugaji na nyumbu pamoja.

Kadhalika kifaru mweusi. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua hata wakabaki Serengeti wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2010 watano waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, wakawekewa askari wa kuwalinda usiku na mchana. Hao ni vifaru halisi, nao wamerudi katika nchi yao.

Tena yuko mkulima wa kijiji kilichopakana na hifadhi. Hukesha akipiga madebe kumfukuza tembo, na pengine kunapokucha hana mahindi. Fedha apewayo serikali yenyewe huiita kifuta jasho, maana si bei ya shamba. Mtu huyo akiambiwa mamothi yuaja, atauliza: huyo naye atakula wapi?

Kwa hiyo twasema: sayansi ya jeni na isaidie wanyama waliobaki wachache na magonjwa yawauayo. Lakini mnyama hurudi pale tu palipotengenezwa makao yake na amani ya jirani zake. Tukimwacha tembo aliye hai agombane na mkulima mpaka mmoja wao ashindwe, wajukuu wetu wataombwa fedha za kumfufua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.