Mbwa Aliyepasuliwa Mgongo: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kulipa

Katika Wilaya za Karatu na Ngorongoro, mbwa ni mlinzi wa boma, mwenzi wa mchungaji na mtoa taarifa wa kwanza fisi au chui anapolikaribia zizi. Mbwa huyo anapoamka akiburuta miguu ya nyuma, mwenye mbwa hukabiliwa na uamuzi mzito: atumie fedha kumtibu, au amwache? Katika makala haya tunaeleza tatizo la diski, kazi ya mazoezi tiba baada ya upasuaji, na haki zako kama mlaji wa huduma hiyo.

Kwanza, ugonjwa uthibitishwe

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, yaani mito midogo inayopunguza mtikisiko. Diski ikipasuka au ikitokeza nje, hukandamiza ugwe wa neva unaopita mgongoni, na miguu hukosa nguvu. Mbwa wenye mgongo mrefu na miguu mifupi, kama Dachshund, huathirika zaidi, ingawa mbwa wengine nao hupatwa, hasa wanapozeeka.

Hata hivyo, si kila mbwa aliyepooza ana tatizo la diski. Kichaa cha mbwa huweza kujitokeza kwa udhaifu wa miguu, udenda na taya kulegea. Distempa nayo, ambayo mwaka 1994 iliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, hushambulia neva. Kwa hiyo usitie mkono mdomoni mwa mbwa aliyepooza, wala usianze kumkanda kabla daktari hajamwona. Akikuuma, au mate yake yakigusa jeraha, osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Taaluma hii inasimamiwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na madaktari husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Usione haya kuomba kuonyeshwa usajili. Kisha uliza:

1. Je, mbwa bado anahisi maumivu vidole vya nyuma vinapobanwa kwa nguvu? Wengi wenye hisia hiyo hutembea tena baada ya upasuaji. Kwa waliokwisha kuipoteza, matumaini ni takribani nusu kwa nusu, na kuchelewa huyapunguza.
2. Ni picha gani itakayoonyesha diski iliyoharibika? Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, lakini mara nyingi haitoshi.
3. Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na dawa, usafiri, kulazwa na marudio? Omba makadirio kwa maandishi, na udai risiti kwa kila malipo.

Jihadhari na yeyote anayekuahidi uponyaji wa hakika.

Mazoezi tiba nyumbani

Upasuaji huondoa mkandamizo. Mazoezi huzuia misuli kunywea na viungo kukakamaa. Mashine ya kutembea majini husaidia, lakini si sharti. Kazi kubwa hufanyika nyumbani, kwa maelekezo ya daktari.

Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo, mbwa asikimbie, asiruke wala asipande ngazi. Alale juu ya godoro kavu, ageuzwe ubavu kila baada ya saa 4 ili asipate vidonda. Nyanda za juu za Ngorongoro zina baridi kali usiku. Mfunike, na umfungie ndani, kwa kuwa hawezi kumkimbia chui.

Mara 2 au 3 kwa siku, kunja na kunyoosha kila mguu polepole, mara 10 hivi, bila kulazimisha. Daktari akiruhusu, pitisha shuka iliyokunjwa chini ya tumbo, umwinue nusu ya nyuma na umwache akanyage kwa dakika chache. Sakafu ya udongo ulioshindiliwa ni bora kuliko vigae vinavyoteleza. Kagua nyayo kila siku: mguu usiohisi hauonyeshi mchubuko wala funza.

Omba ufundishwe kumkamua mkojo kabla hujamchukua. Asipokojoa, akilia kwa maumivu, kidonda kikitoa usaha au miguu ikizidi kulegea, acha mazoezi na umwite daktari siku hiyohiyo. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala parasetamoli ya binadamu. Dawa hizo zinaweza kumuua.

Endapo hatapona

Wapo mbwa wasiotembea tena. Baadhi huishi vizuri kwa kigari, iwapo yupo mtu wa kuwahudumia kila siku. Mwingine, mwenye maumivu yasiyotulizika, hustahili kifo kisicho na mateso mikononi mwa daktari. Kumtelekeza porini si suluhisho: ni ukatili ambao Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilikusudia kuukomesha.

Tunakushauri, kabla ya kukubali upasuaji, ujiulize si tu kama fedha zipo, bali pia ni nani nyumbani atakayemgeuza mbwa huyo usiku wa manane.